Mwalimu na Barua za Karatasi

Mwalimu hakuwahi kunifundisha darasani hata siku moja. Nilipohamia mtaa wetu kule Kikuyu, hapa Dodoma, alikuwa ameshastaafu kufundisha kemia, na mimi shule nilishaiaga na sikuwa na hamu nayo. Lakini kila ninachokijua kuhusu picha, kuanzia namna ya kushika karatasi bila kuacha alama ya kidole, mpaka kwa nini uso wa mtu unaharibika ukiwa njiani kutoka kwenye skrini kwenda kwenye karatasi, nimekitoa sebuleni kwake. Nasema hivyo mapema ili ieleweke kwamba nilichomfanyia sikukifanya kwa kutojua.

Sebule yenyewe haikuwa sebule tena. Aliigeuza chumba cha kusafishia picha, akaweka printa kwenye meza ya chakula na kompyuta kwenye kabati la vyombo, halafu akazipaka kuta zote rangi ya kijivu. Wageni walidhani nyumba haijaisha, kwamba Mwalimu ameishiwa akiwa kwenye plasta. Mkewe, ambaye mtaa mzima tulimwita Mama, alikuwa anawajibu kabla hawajauliza. "Nyumba imeisha, aliyebaki bila kuisha ni huyu mwenye nyumba." Mwalimu hakucheka. Alikueleza, kama vile Mama hayupo, kwamba ukuta wa kijani unarusha ukijani kwenye picha unayoitazama, na jicho linadanganyika, na wewe unaanza kurekebisha kosa ambalo halipo.

Kwa sababu hiyo hiyo alikuwa na koti refu la kijivu alilolivaa kila alipotaka kuihukumu picha, hata jua la Oktoba likiwa linachoma mabati. Picha aliihukumu karibu na mlango, saa nne asubuhi, siyo chini ya taa. Ukija na kitenge chekundu unabaki nje. Nilibaki nje mara nyingi sana, nikiongea na Mama anayechagua mboga za mlenda, mpaka nikajinunulia fulana mbili za kijivu. Siku ya kwanza nilipoivaa mojawapo, Mama alinitazama akasema, "Haya, wamekuwa wawili."

Mtu wa kawaida akisikia neno profaili ya rangi anapiga miayo. Mimi nilipiga. Basi Mwalimu akaniuliza, "Wewe binti, mtumishi akihamishiwa hapa Dodoma, anaripoti na nini?"

"Na barua, Mwalimu."

"Basi na karatasi ni hivyo hivyo. Mashine haiijui. Haijui inakunywa wino kiasi gani, haijui weupe wake ni wa maziwa au wa chaki. Lazima iende na barua ya utambulisho."

Barua hiyo, yaani hiyo profaili, ni faili dogo tu ndani ya kompyuta, na kila karatasi ina ya kwake. Ukiipa karatasi barua ya mwenzake, nyuso zinatoka za watu wengine. Mwalimu alizitengeneza mwenyewe. Alichapa ukurasa wenye vijiraba mamia vya rangi, akauacha ukauke mpaka kesho yake, kisha akapima kijiraba kimoja kimoja kwa kifaa alichokuwa akiazima kwa rafiki yake wa kiwanda cha uchapaji mjini. Kompyuta inalinganisha ilichoomba na kilichotoka, inaandika barua. Siku ya kupima hakuna kupokea mgeni, hakuna kuwasha redio, na Mama alikwenda kushinda kwa jirani. Barua aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya karatasi moja nzito, isiyong'aa sana, ambayo sisi wawili tuliiita karatasi yetu.

Alikuwa mkali, ila ukali wake haukuwa wa kelele. Mwaka wangu wa kwanza nilipiga picha za harusi, nikaomba nizichape mwenyewe kwake. Nikaiambia programu ishughulikie rangi, halafu nikasahau kuiambia printa ikae pembeni. Zote mbili zikashughulikia, kama wapishi wawili wanaotia chumvi sufuria moja bila kuambiana. Bibi harusi akatoka mwekundu kama tofali la kuchoma, yeye pamoja na shela lake. Mimi kwa haraka zangu nikazipeleka hivyo hivyo. Mwalimu alipoiona nakala niliyobaki nayo aliitazama muda mrefu, akaniuliza yule binti anakaa wapi. Nikasema Chang'ombe.

"Basi nenda Chang'ombe ukamwambie umekosea. Usimwambie mashine imekosea."

Nikapanda bodaboda nikaenda. Mpaka leo nakumbuka nilivyosimama kwenye kile kibaraza, mama mkwe wake akiwa anasikiliza, nikasema nimekosea mimi. Nilirudi nimenuna, nikamkuta Mwalimu ameshaichapa ile picha upya, imekaa mlangoni inakauka. Alinisogezea kikombe cha chai yenye sukari ya kutosha watu watatu.

Jambo ambalo hakulivumilia ni mtu kuomba afanywe mweupe. Walikuja wengi, akina dada wa ofisini, wachumba, hata mzee mmoja wa Bahi aliyetaka kijana wake apunguzwe weusi kwenye picha ya mahafali. Mwalimu aliwajibu wote kwa sauti moja. "Mimi nasafisha picha, sichubui watu." Wengine waliondoka wakaenda kwa mafundi wa mjini, na Mama alimwambia waziwazi kwamba anafukuza watu kwa mdomo. Lakini mtu huyu huyu kila baada ya Jumamosi mbili alikaa kwenye kigoda uani, taulo shingoni, Mama anampaka piko, na kichwa kinatoka cheusi kuliko cha mjukuu wake. Nilimuuliza siku moja, kwa adabu zote, ukweli wa rangi unaanzia wapi. Akasema nywele zake siyo kazi ya mteja. Mama alicheka mpaka akaangusha brashi.

Ilikuwa hivyo nyumbani kwao. Mwalimu alisahihisha watu wote, na kumsahihisha Mwalimu ilikuwa kazi ya mtu mmoja tu. Sisi wengine ukimwambia kitu, hata kwamba shati lake limepishana vifungo, anakunyamazia siku mbili. Mama alimwambia tu, "Baba, umekosea," akageuka kuendelea na shughuli zake, na Mwalimu alirekebisha.

Na ndiye aliyekuwa kipimo chake. Kila barua mpya ilipokamilika, picha ya kwanza ilikuwa ya Mama. Alikuwa mweusi mwenye wekundu ndani, wekundu ambao kwenye kivuli huuoni, mpaka ageuke kwenye jua. "Mama yenu ana wekundu," Mwalimu aliniambia mara nyingi, akigonga shavu la kwenye karatasi kwa kalamu iliyofungwa. "Ukiukosa, umechapa mama wa mtu mwingine." Kwa uanaume wake hicho ndicho kilikuwa kitu cha karibu zaidi na mapenzi nilichowahi kukisikia kutoka kwake, na alikisema akiwa amevaa lile koti.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliogopa.

Karatasi yetu iliadimika madukani. Mwaka huo huo yule rafiki wa kiwandani akahama na kifaa chake, na Mama akaanza kuumwa, akawa mtu wa kulala ndani. Mwalimu alinunua karatasi nyingine, ngeni, isiyo na barua. Kwa kuwa hakuwa na kifaa cha kupimia, aliamua kuiandikia barua kwa macho yake. Alikuwa akichapa, anatazama, anarudi kwenye kompyuta anasogeza rangi kidogo, anachapa tena. Alifanya hivyo wiki tatu, katikati ya kumpa Mama dawa.

Ila macho yake yalikuwa yameshaanza kuharibika. Nilikuwa nimeona dalili na nikazipita. Alilalamika kwamba karatasi za siku hizi zina umanjano. Alisema shuka jeupe halijafuliwa vizuri, wakati lilikuwa linang'aa kwenye kamba. Alianza kusogea na picha mpaka nje kabisa, uani, na bado anakunja uso. Baadaye sana ndiyo nilikuja kuambiwa kwamba mtoto wa jicho akikomaa humfanya mtu aone kila kitu kama kimemwagiwa chai ya rangi. Kwa hiyo Mwalimu alipoona umanjano aliongeza ubuluu, akaona bado, akaongeza tena.

Picha ya kwanza ya barua ile haikuwa ya Mama, kwa kuwa Mama hakuweza kutoka nje kupigwa jua. Ilikuwa ya mtoto wa jirani aliyevaa joho la kwaya. Uso wake ulitoka wa majivu, na midomo kama ya mtu aliyekula zambarau. Mwalimu aliishika mlangoni, saa nne, amevaa koti lake, amechoka, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu alitabasamu.

"Sasa nyeupe imekuwa nyeupe," akasema. "Unaionaje?"

"Imetoka vizuri, Mwalimu."

Nimejitafutia sababu nyingi. Nilijiambia ni heshima, kwamba binti wa umri wangu hamwambii mzee macho yake yamekwisha, tena mkewe akiwa kitandani. Hiyo sababu ina ukweli ndani yake na nisingeionea aibu kama ingekuwa peke yake. Haikuwa peke yake. Wakati ule nilikuwa nimeshanunua printa yangu. Wiki ile ile mama wa yule mtoto wa kwaya alinifuata kwangu, akaitoa picha kwenye bahasha, akaniuliza, "Hivi mwanangu kakaa kwenye friji?" Nikamchapia nyingine. Ilitoka safi, mtoto akarudi kuwa mtoto. Yule mama alinisifu mbele ya watu, na mimi nikapokea sifa.

Ilitoka safi kwa sababu barua niliyotumia ilikuwa ya Mwalimu, ile ya zamani, aliyoipima kwa kifaa, na ambayo alinipa mwenyewe kwenye flashi bila kuniomba kitu. Na karatasi ilikuwa ile ile yetu. Mwenye duka mmoja mjini alikuwa amebakiwa na maboksi manne nyuma ya stoo, nikayachukua yote, nikayaweka chini ya kitanda. Sikumwambia Mwalimu. Alikuwa akiniuliza, "Hujaiona popote ile karatasi yetu?" na mimi nikamjibu, "Sijaiona, Mwalimu, imekata kabisa."

Watu wakahamia kwangu mmoja mmoja. Hakuna aliyemwambia. Mtaa ulimheshimu mno kumwambia, na mimi nilifurahi kwa siri kwamba unamheshimu. Nilipenda, naomba niliseme lilivyo, nilipenda kuwa mimi ndiye ninayeona.

Kisha Mama akafariki.

Alizikwa kwao Mpwapwa. Miezi michache baadaye familia ilipanga siku ya kwenda kuweka msalaba kaburini, na Mwalimu akaamua kwamba siku hiyo kila ndugu wa Mama atapewa picha yake, na moja kubwa itawekwa kwenye fremu kwa ajili ya ibada. Picha aliyoichagua niliipiga mimi, uani, Mama amekaa akimenya karanga, ameinua uso kwenye jua kunicheka kuhusu fulana yangu. Wekundu wake wote ulikuwepo mle. Nilimpa Mwalimu nakala ya faili, naye akakataa msaada wowote. Alisema hii ataichapa mwenyewe.

Alinitumia ujumbe nije nizione. Zilikuwa kumi na tano, zimepangwa mezani juu ya shuka la kijivu. Nimewahi kuona picha mbaya nyingi, nyingine nimezifanya mimi, lakini zile sitazisahau. Mama alikuwa wa buluu chini ya macho na kwenye kingo za midomo. Alikuwa anacheka, na rangi yake ilikuwa ile ya siku tulipopita kumuaga kwenye jeneza.

Boksi moja la karatasi yetu lilikuwa bado chini ya kitanda changu, nyumba ya tatu kutoka pale. Ningeweza kwenda na kurudi kabla chai haijapoa.

Mwalimu alisimama pembeni yangu. "Unauona ule wekundu wake?" akaniuliza.

"Nauona, Mwalimu."

Akashusha pumzi, akaanza kuziweka kwenye bahasha, moja moja, akizishika kwa kingo.

Mpwapwa nilikwenda nao. Ndugu walipokea picha kwa mikono miwili, wakazitazama, wakasema ahsante. Dada mkubwa wa Mama aliitazama ya kwake kwa muda, akaifunika kwa upindo wa khanga, akamwambia Mwalimu, "Umefanya vizuri, shemeji." Ile kubwa ilisimama kwenye meza mbele ya mchungaji ibada nzima. Mimi nilikaa nyuma na kamera yangu na sikuinua kichwa. Watu walidhani nalia, wakanipa kitambaa.

Baada ya hapo nikaanza kupunguza kwenda kwake. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na safari ya Kondoa, nilikuwa na mafua. Kwa dada wa duka la dawa nilisikia kwamba madaktari wa macho wamemfanyia jicho moja, na baadaye la pili, na kwamba siku alipofunguliwa bandeji alikaa uani anaangalia mbingu kama mgeni. Nilisema namshukuru Mungu. Kisha nikarudi ndani nikafunga mlango, kwa sababu nilijua kitu cha kwanza atakachokwenda kukitazama baada ya mbingu.

Alikuja mwenyewe, asubuhi moja mwaka huu. Nilikuwa nafagia kibarazani. Nywele zilikuwa nyeupe zote, hakuna wa kumpaka, na hakuwa na koti. Alikuwa na bahasha kubwa ya kaki kwapani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, binti. Hujambo?"

Nilimkaribisha ndani akasema hapo panatosha. Alifungua bahasha akanionyesha picha za Mama, zile za buluu. Alikuwa amekwenda Mpwapwa akapita nyumba kwa nyumba kuzikusanya, na alikuwa amezipata zote isipokuwa mbili. Ya dada mkubwa ilitoka kwenye sanduku, chini kabisa ya nguo, haikuwahi kutundikwa.

"Wale siwalaumu," akasema. "Walidhani picha ndivyo ilivyo. Wewe ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona, Mwalimu."

"Kabla ya hizi?"

"Kabla."

Alitikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya mtu aliyepata jibu la hesabu ambalo alishalijua. Hakunifokea. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa, na pia kunyamaziwa, hata siku mbili, hata mwaka. Akasema kompyuta yake ilikufa wakati wa mvua, kwamba faili halisi la ile picha liko kwangu, na anaomba nimwekee kwenye flashi. Aliitoa mfukoni akanipa.

Nikaingia ndani kunakili. Nilitaka sana kufanya jambo moja zuri, na nadhani ndiyo maana nilitoka nikasema bila kufikiri. "Mwalimu, kaa nikuchapie mimi sasa hivi, zote kumi na tano. Barua yako ya zamani ninayo. Na ile karatasi yetu ipo, imebaki."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa maangavu, sijawahi kuyaona hivyo tangu nimjue.

"Unayo tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu juzi. "Tangu ilipoadimika madukani," nikasema.

Nilimwona akirudi nyuma kichwani mwake, mwezi kwa mwezi, akitafuta Mama alikuwa wapi wakati huo, akampata hai. Ufagio ulikuwa bado umelala miguuni pangu. Nilisema nisamehe, Mwalimu, nikarudia tena, na nikasikia jinsi neno lenyewe lilivyokuwa dogo.

"Nipe flashi," akasema. "Nitapeleka mjini, dukani."

Tangu nimjue hakuwahi kupeleka picha dukani. Nikamwambia wale vijana watamharibu Mama, hawajui barua wala karatasi, wanabonyeza tu.

"Najua," akasema. Alizirudisha picha kwenye bahasha, akahakikisha kingo hazijajikunja. "Lakini wale hawaniheshimu. Ikitoka vibaya wataniambia."

Nikampa flashi. Akaniuliza mama yangu anaendeleaje, nikamjibu hajambo, akasema nimsalimie. Kisha akateremka kibarazani akashika njia ya kwenda barabarani.